Jigiso ya betri: namba ya kwenye boksi haikati mbao

Nilikuwa kwenye kaunta ya duka la vifaa pale Gerezani, Dar es Salaam, nikisubiri pakiti ya skrubu, kijana mmoja fundi wa makabati akaletewa maboksi mawili. Yote yana jigiso ya betri. La kwanza limeandikwa 18V. La pili limeandikwa 88VF kwa herufi nyekundu kubwa kama kiganja, na bei yake haifiki hata nusu ya lile la kwanza. Akanigeukia: "Samahani kaka, hii ya 88 si ndiyo yenye nguvu zaidi?"

Swali hilo nimelisikia kwa mafundi wa Keko, na nimelisikia kwa vijana wanaochonga vitanda Gikomba, Nairobi. Ni swali la haki. Mtu anatoa akiba ya miezi, mbele yake kuna namba mbili, na maisha yote ameambiwa namba kubwa ndiyo bora. Kwenye jigiso ya betri mambo hayaendi hivyo, na anayelipia kosa hilo huwa ni fundi, si aliyechapa boksi.

Tuanze na chombo chenyewe. Jigiso ni msumeno mdogo wa mota, bledi yake ni nyembamba, imeshikwa upande mmoja tu, na inapanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Mfano huo wa cherehani ndio asili yake hasa. Mwaka 1946 huko Solothurn, Uswisi, mtu aliyeitwa Albert Kaufmann, mfanyakazi wa kampuni ya Scintilla, alitoa sindano kwenye cherehani ya mke wake akaweka bledi ya msumeno mahali pake. Mwaka uliofuata kampuni ikaanza kuuza mashine hiyo kwa jina la Lesto, na baadaye Scintilla yenyewe ikaingia mikononi mwa Bosch. Ukishika picha ya cherehani kichwani, karibu kila kitu kuhusu jigiso kitakuelea. Soli ya chini ya jigiso ni ule mguu unaokandamiza kitambaa. Bledi ni sindano. Na kama fundi cherehani anavyobadili sindano akitoka kwenye hariri kwenda kwenye jinzi, nawe unabadili bledi ukitoka kwenye fomika kwenda kwenye mninga.

Kwa kuwa bledi ni nyembamba, inageuka kona. Ndiyo maana tunaitumia kukata tundu la sinki kwenye kaunta ya jikoni, mviringo wa ubao wa kichwani mwa kitanda, nafasi ya soketi kwenye mgongo wa kabati, au bomba linapopita kwenye rafu. Na kwa kuwa imeshikwa upande mmoja tu, ule wa chini ukining'inia, inapinda. Hapo ndipo penye kikomo chake, na hakuna volti itakayokiondoa. Boksi la jigiso nzuri litakuambia inakata mbao hadi milimita 135. Ni kweli ukiwa na bledi ndefu itapenya. Lakini geuza ubao uangalie chini: mstari wa juu umekaa sawa, wa chini umekimbilia pembeni. Mimi kwenye mninga au mvule sipendi kuvuka milimita 30, na kwenye mbao laini kama saiprasi nikifika 40 naanza kuutafuta msumeno wa duara.

Volti, na tangi la juu ya nyumba

Sasa turudi kwenye namba nyekundu. Fikiria simtanki iliyopandishwa juu ya mnara nyuma ya nyumba. Volti ni urefu wa mnara: kadiri tangi linavyokuwa juu, ndivyo maji yanavyotoka bombani kwa msukumo. Ampea-saa, ile namba ndogo iliyoandikwa 2.0Ah au 5.0Ah, ni ukubwa wa tangi: maji yatachukua muda gani kuisha. Mnara mrefu wenye tangi la ndoo moja hauoshi gari, na tangi kubwa lililokaa chini halipandishi maji ghorofani. Unahitaji vyote viwili, kila kimoja kwa kiasi chake.

Ndani ya kasha la betri kuna seli, vile vipande vya duara vinavyofanana na betri za tochi. Seli moja ya lithiamu inahesabiwa kuwa na volti 3.6. Panga tano kwa mstari, unapata 18. Seli hiyohiyo ikitoka kwenye chaja imejaa inafika volti 4.2, na tano zinakuwa 21. Kwa hiyo betri iliyoandikwa 18V, iliyoandikwa 20V Max na iliyoandikwa 21V ni seli zilezile tano. Mmoja amekuhesabia baada ya betri kutulia, mwingine amekuhesabia ikiwa imetoka kushiba. Ni hivyohivyo kwa ndogo zake: 10.8V na 12V Max zote ni seli tatu.

Je, 88? Gawanya 88 kwa 3.6: ungehitaji seli 24 na zaidi kwenye mstari mmoja. Seli moja ya kawaida, ile ya saizi ya 18650, ina uzito wa karibu gramu 45. Seli 24 ni kilo moja na ushee kabla ya plastiki, na kasha lake lingekuwa kubwa kama tofali. Betri aliyokuwa ameishika yule kijana ilienea kiganjani. Mara nyingi ukifungua betri za namna hiyo, ziwe zimeandikwa 48VF, 88VF au 128VF, unakuta seli tano. Ni betri ya volti 18 iliyopakwa rangi ya namba nyingine. Nasema hivi bila kumtukana aliyeinunua, maana nyingine zinafanya kazi kwa muda. Ila usilipie 88, wala usidhani umepata nguvu ambayo mwenzako wa 18 hana.

Uzito unakusaidia pia kwenye ampea-saa. Betri ya 18V yenye 5.0Ah iliyotengenezwa kwa seli za 18650 ina seli kumi, mistari miwili ya tano tano. Seli hizo peke yake zinakaribia gramu 450, ongeza kasha na mabati ya ndani, unavuka nusu kilo. Betri halisi ya Makita ya 5.0Ah inakuwa zaidi ya gramu 600. Ukikuta iliyoandikwa 5.0 halafu ni nyepesi kama ile ya 2.0, omba mzani. Duka la jirani linalouza misumari kwa kilo lina mzani, na hakuna aibu kuuomba.

Ukitaka kujua betri ina kazi kiasi gani tumboni, zidisha volti kwa ampea-saa. 18 mara 2 ni wati-saa 36. 18 mara 5 ni wati-saa 90. Tuseme jigiso yako inakula wati 300 ikiwa katikati ya plaiwudi nene: betri ndogo itakupa dakika saba za kukata mfululizo, kubwa itakupa 18. Dakika saba zinasikika chache, lakini hesabu kazi yako ya siku. Tundu la sinki ni dakika tatu au nne za kukata kweli. Muda mwingine wote unapima, unabana, unafuta vumbi, unamsikiliza mwenye nyumba. Kwa fundi wa kuweka makabati nyumbani kwa watu, betri mbili za 2.0 zinazopokezana zinatosha siku nyingi, na jigiso inakuwa nyepesi mkononi kuliko ikibebeshwa ile ya 5.0.

Kati ya 12 na 18, kama kazi yako ni mbao nyembamba, mgongo wa kabati, dari za mbao na tranki za nyaya, 12 inafaa na mkono utakushukuru jioni. Ukigusa mbao ngumu hata mara moja kwa wiki, nenda 18.

Unanunua ukoo wa betri

Hapa ndipo ningetaka kila fundi asimame kidogo, kwa sababu ni uamuzi utakaoishi nao miaka. Kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Wakati mwingine hata ndani ya kampuni moja haiingii: betri ya Makita ya 40V haikai kwenye mashine ya Makita ya 18V. Kwa hiyo siku unanunua drili yako ya kwanza ya betri, umeshaoa. Jigiso, grenda na randa zitafuata ukoo huo, au utajikuta na chaja nne ukutani na hakuna betri inayosaidia nyingine.

Yule kijana nilimuuliza, drili yako ni ipi? Kumbe anayo ya 18V yenye betri mbili nzima. Basi hakuhitaji boksi zima. Alihitaji mashine tupu, bila betri wala chaja, ambayo kwa kawaida ni nafuu sana kuliko seti kamili. Kwa Makita utaitambua kwa herufi Z mwishoni mwa namba ya modeli: DJV182Z, kwa mfano, ni jigiso peke yake.

Neno kwa wenye ndugu ughaibuni. Jigiso ya DeWalt inayouzwa Marekani kwa jina la 20V Max na ile ya 18V XR inayouzwa Ulaya zinatumia betri za aina moja, zinaingiliana. Tatizo ni chaja. Ya Marekani imeandikwa INPUT 120V, na soketi zetu ni volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja utaisikia inapasuka. Mwambie ndugu alete mashine na betri, chaja ununue huku. Na betri hazipandi ndege kiholela: betri ya akiba husafiri kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini, na hadi wati-saa 100 kwa kawaida hakuna mgogoro. Ile ya 18V 5.0Ah yenye wati-saa 90 inapita. Ya 6.0Ah ni 108, hapo inahitaji ruhusa ya shirika la ndege.

Betri ya lithiamu inauawa na joto kuliko kazi. Usiiache kwenye dashibodi mchana. Ikitoka kwenye kazi nzito ikiwa ya moto, iache ipoe kivulini kabla ya kuichaji.

Kuhusu mota, utasikia mabishano marefu. Kuna mota ya kaboni, ile yenye vipande viwili vyeusi vinavyosugua na kuisha, na kuna isiyo na kaboni, inayoendeshwa na saketi. Isiyo na kaboni inaitumia betri vizuri zaidi na haina cha kubadilisha, lakini saketi ikifa gharama yake ni kubwa. Ya kaboni ikianza kutoa cheche nyingi na kukata nguvu, unanunua kaboni mpya, unafungua vifuniko viwili, dakika kumi umemaliza. Kwa kazi nyepesi sioni sababu ya fundi anayeanza kujikopesha kwa ajili ya mota.

Kinachokata

Angalia umbali ambao bledi inasafiri kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Kwenye jigiso za ufundi za 18V kama Makita DJV182 na DeWalt DCS334, mwendo huo ni milimita 26. Nyingi za bei ya chini zina 20 na kushuka. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka ufikirie plaiwudi ya milimita 18. Bledi ikipanda na kushuka milimita 15 tu, meno ya katikati hayatoki kamwe nje ya mbao. Yanazunguka na unga wao palepale, yanapata moto, na mbao inatoa harufu ya kuungua. Fundi anasema mashine haina nguvu. Nguvu inayo, haina nafasi ya kutupa unga.

Pembeni utaona kiswichi chenye namba 0 hadi 3. Hicho kinaongeza kubembea: bledi ikipanda, inasukumwa pia mbele, inauma zaidi. Watu wengi huacha 3 siku zote wakiamini ndiyo gia kubwa. Tatu ni ya mbao laini, mstari ulionyooka, mahali ambapo pembe mbaya itafichwa. Kona kali, fomika, bati, weka 0. Kwenye chuma punguza na mwendo wa mota, weka tone la mafuta, na hakikisha walau meno mawili au matatu yanagusa unene wa bati kwa wakati mmoja, la sivyo yatang'oka kama meno ya kitana.

Dukani, kabla hujatoa hela, omba bledi iwekwe. Shika ncha yake kwa vidole viwili, taratibu, betri ikiwa imetolewa, uitikise kushoto na kulia. Ikicheza pale inaposhikwa, rudisha. Weka soli juu ya kioo cha kaunta uone kama inayumba. Soli ya bati jembamba iliyopinda haikupi mkato ulio wima hata ukiomba. Kisha angalia shina la bledi. Lenye mabega mawili madogo kama herufi T ndilo la kununua, linaingia na kutoka bila bisibisi, na bledi zake zipo kila mahali. Lenye tundu na umbo la U ni la zamani. Utazunguka Kariakoo nzima kutafuta bledi zake nzuri.

Na sasa jambo ambalo kama ningelijua mapema lingeniokolea kaunta moja. Nilikuwa nakata tundu la sinki kwenye kaunta mpya yenye fomika nyeupe. Nilichora juu, nikakata juu, uso mzuri ukinitazama. Nilipofika kona ya pili niliona ukingo wote nyuma ya bledi umechanika vipandevipande, kama yai lililobanduliwa vibaya, vingine vimeruka sentimita nzima nje ya mstari, mahali ambapo mdomo wa sinki hautafika kuficha. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nilinunua kaunta nyingine kwa hela yangu.

Sababu ni rahisi. Meno ya bledi ya kawaida yanatazama juu. Yanakata yakipanda, kwa hiyo upande wa juu ndio unaobanduliwa, na upande wa chini unabaki msafi. Dawa ya kwanza ni kugeuza ubao, uso mzuri uangalie chini. Pasipowezekana, maana kaunta imeshafungwa, tumia bledi yenye meno yaliyogeuzwa, yanayokata yakishuka. Kwa Bosch hiyo imeandikwa T101BR. Itakusukuma mkono juu, hivyo kandamiza vizuri.

Maandishi ya kwenye shina la bledi yasomeke kabla ya bei. HCS ni chuma cha kaboni, inapinda bila kukatika, ni ya mbao laini na plastiki. HSS ni ngumu, ya chuma na bati, lakini ukiipinda inavunjika. BIM ni mbili zilizounganishwa: mgongo unaonyumbulika, meno magumu, ni ghali, na kwenye mbao ngumu inalipa. Bledi za Bosch zina rangi pia shinani: kijivu kwa mbao, buluu kwa chuma, nyeupe kwa mbao ambayo huenda ina misumari. T144D ni ya kukata haraka bila kujali ukingo, T101B ni ya mkato safi, T101AO ni nyembamba kwa kona, T118A ni ya bati la milimita 1 hadi 3.

Watu wanalaumu betri wakati bledi imeshakufa zamani. Dalili zake: unasukuma badala ya kuongoza, ukingo unageuka kahawia, mstari unaanza kukimbia upande mmoja. Badilisha. Bledi moja ni bei ya soda au mbili, na bledi butu inakula betri kuliko mninga. Usitumie jigiso pia kwenye jipsamu kama una msumeno wa mkono. Unga wa jipsamu unaingia kwenye matundu ya mota na unasugua meno kama msasa. Na ukikata MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliobanwa kwa gundi, vaa barakoa.

Neno la mwisho kwa wenye karakana. Kama kazi yako yote iko chini ya bati moja lenye soketi ukutani, na hubebi vifaa kwenda kwa watu, usinunue ya betri. Jigiso ya waya yenye wati 600 au 700, mwendo mrefu wa bledi na soli iliyonyooka itakata siku nzima bila kuchajiwa, na kiasi kinachobaki kinakutosha pakiti sita za bledi nzuri na klampu mbili za kubana ubao.